Choroko za Rangi ya Ubuyu

Nyumbani kwa Lerionka, kando ya Ngaramtoni, hakuna mtoto aliyekunywa chai kabla hajapeleka kichwa kwa Koko. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya asubuhi. Ng'ombe wakishakamuliwa, uwanja ukishafagiliwa na ndoo ya maji ikishatuliwa jikoni, Nanyori, binti wa Lerionka, alikwenda hadi kwenye kigoda cha bibi yake mlangoni, akainama na kusema, "Shikamoo, Koko." Waarusha humwita bibi Koko. Naye aliweka kiganja chake kikavu juu ya utosi wa mjukuu wake, akakiacha pale kidogo, kisha akajibu, "Marahaba. Ukue."

Nanyori alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Wenzake wengi walikimbilia shule bila kusalimia mtu, lakini yeye siku aliyokosa kiganja kile alijiona kama ametoka nyumbani bila kunawa uso.

Jumatatu moja ya kiangazi, mboga zilipokuwa zimeadimika sokoni na hata zile chache zilikuwa zimenyauka, Mwalimu Efraimu wa Sayansi aliingia darasani na mfuko wa choroko. Alimgawia kila mwanafunzi kiganja kimoja.

"Mtazipeleka nyumbani, mtaziotesha," alisema. "Jumatatu ijayo kila mmoja ataleta zake hapa, tutazila kwa chumvi na ndimu."

Darasa zima likaangua kicheko. "Mwalimu, tule magugu?" akauliza Meshack kutoka nyuma.

"Hayo magugu yana vitamini ambazo huzipati kwenye ugali mkavu, Meshack. Na hayahitaji shamba wala mvua. Sikilizeni sasa. Chagueni, toeni zilizovunjika. Lowekeni usiku mmoja katika chupa safi yenye mdomo mpana. Asubuhi mwageni maji, funikeni chupa kwa kitambaa chepesi. Baada ya hapo suuzeni asubuhi, mchana na jioni, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na kila mara myachuje yaishe. Choroko zikikosa maji hukauka. Zikilala ndani ya maji huoza. Zinataka mtu asiyesahau, basi." Akamgeukia Nanyori. "Wewe ni kiongozi wa kundi la kwanza. Wenzako watatazama zako."

Nanyori akavimba kichwa. Njiani kurudi nyumbani hakuzungumza jambo lingine. Alikuwa na rafiki yake Salha, ambaye mama yake alikuwa akiuza vitenge pale sokoni.

"Zangu zitaota mikia mirefu kama ya panya," Nanyori alijigamba. "Zako zitatoa vindevu tu kama vya mbuzi."

"Haya, tutaona," alisema Salha. "Jumatatu siyo mbali."

Nyumbani, Koko aliitazama ile chupa dirishani, akaguna. "Mbegu ikiota ni ya kupandwa. Siku hizi shule inawafundisha kula shamba likiwa bado changa?"

"Ni chakula, Koko. Mwalimu kasema kinatia nguvu."

"Nguvu! Nguvu ni loshoro," alisema Koko, akimaanisha mahindi yake ya kuchemsha yaliyochanganywa na maziwa mgando. "Hayo majani yenu ya chupani mimi siyatii kinywani." Lakini alikuwa akitabasamu, na kila Nanyori alipopita na chupa yake bibi alimfuata kwa macho.

Jumanne mambo yalikwenda vizuri. Jumatano asubuhi Nanyori alisuuza, mchana akakumbuka akiwa tayari njiani kurudi shule, na jioni wasichana wa jirani wakamwita kucheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Jamani, uvivu una maneno matamu! "Nitasuuza baadaye," alijiambia, na baadaye ikawa kesho. Alhamisi asubuhi alichelewa kuamka. Chupa ilikuwa na maji chini ambayo hakuyachuja vizuri, na jua la dirishani liliichemsha kutwa nzima. Jioni alipofunua kitambaa, harufu ilimrudisha nyuma hatua mbili. Choroko zilikuwa zimelainika na kuteleza, zina utando mweupe.

Alizimwaga haraka nyuma ya migomba. Kisha akasimama pale na chupa tupu mkononi. Choroko za mwisho za nyumbani mama yake alikuwa amezipika wiki iliyopita. Angeweza kumwambia, "Mama, zimeoza, naomba tununue nyingine," na Anneth, mama yake, hakuwa mtu wa kufoka kwa jambo la kiganja kimoja cha choroko. Lakini angesema nini kwa Salha? Angesema nini kwa darasa lote, yeye aliyejigamba kwa mikia ya panya?

Ndipo alipoukumbuka mfuko wa mbegu za baba.

Ulikuwa ghalani, juu ya rafu, ukisubiri mvua za masika. Baba yake alikuwa amezinunua mbegu zile kwenye duka la pembejeo kwa ajili ya shamba la chini. Nanyori alipanda juu ya gunia, akaushusha. Zilikuwa choroko kweli, nzuri, nene, lakini zilikuwa na rangi nyekundu kama ubuyu wa kulamba. Kwenye mfuko palichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili, na chini yake maneno haya: "Mbegu hizi zimetiwa dawa. Zisiliwe na binadamu wala mifugo."

Aliyasoma. Hatuwezi kusema hakuyasoma. Aliyasoma mara mbili. Kisha akaanza kujitetea moyoni. Hata sukuma wiki hupigwa dawa, alijiambia. Mama huiosha vizuri, tunaila, na hakuna aliyekufa. Kinachodhuru ni dawa, na dawa ni ile rangi. Rangi ikitoka, dawa imetoka.

Akachota viganja viwili, akaurudisha mfuko mahali pake. Alichagua zilizovunjika, akazitupa palepale kwenye migomba. Zilizobaki aliziosha katika beseni. Maji ya kwanza yalikuwa mekundu kama juisi. Ya pili yalikuwa ya waridi. Aliosha maji saba, mikono ikamsinyaa, mpaka maji yakawa meupe na choroko zikarudi kuwa za kijani. "Si umeona?" alijisemea, na akaziloweka.

Ijumaa Mwalimu Efraimu alipita kwenye madawati akiuliza habari za chupa.

"Zako zinaendeleaje, Nanyori?"

"Vizuri, mwalimu."

"Unasuuza mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku, mwalimu."

"Mnasikia?" Mwalimu aliwaambia wengine. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Nanyori akainamisha uso kwenye daftari lake.

Na safari hii kweli alisuuza mara tatu. Jumamosi mchana choroko zilikuwa zimepasuka na kutoa ncha nyeupe, nzuri kutazama. Lakini Jumamosi hiyohiyo jioni, mama yake alipokwenda kufungia kuku, alimkuta yule tetea mweusi wa Koko amelala ubavu chini ya migomba. Miguu ilikuwa imekakamaa na mdomo unatoka ute.

"Ugonjwa wa kideri umeingia kwa kuku," alisema baba yake kwa huzuni. "Watenge wengine, Mama Nanyori. Huyu mfukieni mbali."

Koko alimpenda tetea yule. Alikaa kwenye kigoda chake, akajifunika shuka mabegani ingawa hapakuwa na baridi. Nanyori alitumwa kuchukua jembe. Alipofika pale chini ya migomba aliona vipande vitatu vyekundu vya choroko karibu na mahali kuku alipoangukia. Akavifunika kwa udongo kwa kidole cha mguu.

Huyu alikula zile ambazo sikuziosha, alijiambia. Za kwenye chupa nimeziosha. Zile ni safi. Alilirudia neno hilo mara nyingi sana, kama mtu anayejaribu kumbembeleza mtoto asiyetaka kulala.

Jumapili asubuhi Nanyori hakupeleka kichwa. Alisimama mbali karibu na tenki la maji, akasema kwa haraka, "Shikamoo, Koko!"

"Marahaba. Mbona kichwa kimebaki huko?"

"Tunachelewa kanisani, Koko. Mimi niko kwaya."

Koko alimtazama kwa muda. Yeye hakuwa akienda kanisani siku hizo kwa sababu ya goti lake. "Haya, nendeni," alisema taratibu. "Kichwa kitakuja kikiwa tayari."

Kanisani Nanyori alifungua mdomo pamoja na wenzake, lakini sauti haikutoka. Alimwona yule tetea kila alipofumba macho. Alifikiria kuwa akifika nyumbani atazimwaga choroko zote, na papo hapo akafikiria uso wa Salha kesho yake, na akaacha. Nitaamua jioni, alisema moyoni. Mambo aliyoyaahirisha wiki ile yalikuwa yamerundikana.

Walifika nyumbani saa saba mchana. Koko hakuwa kwenye kigoda. Walimkuta ameegemea ukuta wa jikoni, jasho linamtiririka, amejitapikia, mate yanamtoka na mikono inatetemeka.

"Yeyo!" Lerionka alipiga kelele, maana Waarusha humwita mama hivyo, na akapiga magoti mbele yake. "Yeyo, nini?"

"Tumbo," alisema Koko. Ulimi ulikuwa mzito. "Kichwa kinazunguka."

"Ni presha," alisema Anneth. "Au ni yale maziwa. Mungu wangu! Nilimwachia loshoro ya jana. Ngoja nimpe maziwa ya moto yatulize."

"Usimpe kitu. Twende zahanati." Lerionka alikwisha kumbeba mama yake mgongoni. Alimwita jirani yao Solomoni, ambaye alikuwa na pikapu ya kukusanyia maziwa. "Nanyori, lete shuka na maji!"

Nanyori alikimbilia jikoni. Shuka lilikuwa kwenye kiti, na juu ya kiti, kwenye kidirisha, ilikuwapo chupa yake. Kitambaa kilikuwa kimefunuliwa. Kando yake palikuwa na kibakuli cha chumvi na kijiko. Choroko zilizokuwa zimejaa chupa asubuhi zilikuwa zimebaki nusu.

Koko, ambaye wiki nzima alisema hatatia majani yale kinywani! Koko aliyemfuata kwa macho! Nje honi ilipigwa. Nanyori akalichukua shuka, akatoka, akapanda nyuma ya pikapu.

Zahanatini walipokelewa na Daktari Skolastika, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole asiyependa maneno mengi. Alimlaza Koko, akampima presha, akamfunua macho, akasikiliza kifua.

"Presha imeshuka, siyo kupanda," alisema. "Amekula nini tangu asubuhi?"

"Uji," alisema Anneth. "Na loshoro ya jana. Maziwa nilikamua mwenyewe, daktari, nikayagandisha mwenyewe." Akaanza kulia. "Ni mimi. Yale maziwa yalikuwa yameharibika, na mimi ndiye niliyempa."

"Inawezekana," alisema daktari, akaandika. "Tutaanza kumtibu kama sumu ya chakula. Lakini haya mate na kutetemeka huku sivielewi. Hapo nyumbani kuna dawa? Dawa ya kuogeshea ng'ombe? Ya kunyunyizia mboga? Ya panya?"

"Ipo ya ng'ombe, lakini nimeifungia," alisema Lerionka. "Hawezi kuifikia."

Nanyori alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Mkono wa Koko ulikuwa unaning'inia pembeni, ule uleule wa kila asubuhi, na vidole vilikuwa vinachezacheza vyenyewe. Alimwogopa baba yake. Aliogopa kuitwa mwizi, na zaidi ya yote aliogopa kwamba akisema, jambo lile litakuwa kweli. Akiendelea kunyamaza, huenda dripu ikamponya bibi na hakuna atakayejua. Watu wangesema ni maziwa tu. Akamtazama mama yake. Anneth alikuwa amefunika uso kwa kanga, akirudia, "Ni mimi, ni mimi," na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Siyo mama," alisema Nanyori.

Hakuna aliyemsikia. Daktari alikuwa anatafuta mshipa.

"Siyo maziwa!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Daktari, ni choroko. Koko amekula choroko zangu. Nilizitoa kwenye mfuko wa baba. Zile nyekundu."

Daktari Skolastika aliacha alichokuwa anafanya, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na ya Nanyori. "Niambie tena, taratibu. Choroko za kupanda? Zilizotiwa dawa?"

"Ndiyo. Niliziosha maji saba. Rangi ilitoka yote. Nikaziotesha. Zangu za shule zilioza kwa sababu sikuzisuuza, nikamdanganya mwalimu." Sasa maneno yalikuwa yanamwagika pamoja na machozi. "Na kuku hakufa kwa kideri. Alikula zile nilizotupa. Nilijua, daktari. Tangu jana nilijua."

"Bibi alikula saa ngapi, na kiasi gani?"

"Sisi tulitoka saa tatu, tumerudi saa saba. Amekula nusu chupa."

"Baba, nenda ulete huo mfuko na hiyo chupa, sasa hivi. Jina la dawa limeandikwa kwenye mfuko. Bila jina hilo nafanya kazi gizani." Lerionka alimwangalia binti yake mara moja tu, akatoka mbio na Solomoni. Nanyori aliona afadhali angempiga.

Mfuko ulipofika, daktari alisoma, akapiga simu hospitali kubwa ya mjini, akasoma tena jina lile herufi kwa herufi. Dripu aliibadilisha, akaongeza sindano, na kabla ya saa kumi gari la wagonjwa lilikuwa limefika kumchukua Koko. Anneth alipanda naye. Nanyori alipotaka kusogea, milango ilikwisha kufungwa.

Daktari Skolastika alimkuta amekaa kwenye ngazi za zahanati. Akakaa karibu naye.

"Je, atakufa?" aliuliza Nanyori.

"Sijui, mwanangu. Sitakudanganya. Ni mzee, na wazee huumia haraka kama watoto. Lakini najua kwamba nilikuwa namtibu maziwa, na maziwa hayakuwa na kosa. Ungesema kesho, nisingekuwa na la kufanya."

"Lakini niliziosha, kama mama anavyoosha sukuma wiki iliyopigwa dawa."

"Dawa ya mbegu haikai juu kama vumbi. Mbegu huinywa. Ikiota, dawa hupanda nayo mpaka kwenye chipukizi. Ungeosha mpaka jioni isingetoka. Hata sukuma wiki ikipigwa dawa, mkulima husubiri siku zilizoandikwa ndipo achume." Akamgeukia. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulikaribia kuficha mpaka mwisho."

Siku iliyofuata baba yake alimpeleka shule mwenyewe. Juu ya madawati chupa na makopo yalikuwa yamepangwa, kila moja na mikia yake myeupe, na ndimu zilikuwa zimekwisha kukatwa. Nanyori alisimama mbele ya darasa mikono mitupu. Akaeleza yote, tangu rede mpaka gari la wagonjwa. Sauti ilikatika mara tatu, na mara tatu akaanza upya. Mwalimu Efraimu alikuwa ameshika dawati kwa mikono miwili. Wanafunzi arobaini na wawili walikuwa wamekaa mbele yake na vijiko vyao.

"Ungezileta hapa?" mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa sijaamua, mwalimu." Hilo ndilo lilikuwa gumu kulisema kuliko yote.

Mwalimu alipita kwenye kila dawati, akanusa kila chupa, akauliza kila mmoja choroko zake zilitoka wapi. Alipofika nyuma, alimkuta Meshack ana kopo tupu.

"Zako ziko wapi?"

"Zilioza, mwalimu," alisema Meshack, akikuna kichwa. "Nilisahau kuchuja maji. Nimeleta kopo tu ili uone."

"Basi nimeona," alisema Mwalimu Efraimu. "Nitakupa nyingine, ujaribu tena. Kaa." Yakaisha hapo. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyemzomea. Nanyori alilitazama lile kopo tupu, na machozi yakamjia upya, kwa sababu aliona jinsi jambo lililomtisha lilivyokuwa dogo.

Salha alisogea kwenye dawati, akampa nafasi ya kukaa. Chini ya meza alimshika mkono.

Zilipita siku nne. Kila jioni Lerionka alirudi kutoka hospitalini na habari ileile: bado dhaifu, bado anatetemeka. Nanyori alisuuza vyombo, akafagia uwanja, akafukia vizuri kila mahali alipotupa mbegu ili kuku wasichakure. Kigoda kilikuwa mlangoni kitupu, na hakuna aliyekikalia. Usiku alimsikia baba yake akikohoa na kugeuka kitandani, na alijua hana usingizi.

Siku ya tano, saa kumi na moja jioni, pikapu ya Solomoni iliingia uwanjani. Koko alishuka akishikwa na watu wawili. Alikuwa amepungua, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado unatikisika. Walimkalisha kwenye kigoda chake. Nanyori alikuwa nyuma ya tenki la maji, hathubutu kutoka.

"Mimi nimerudi na kichwa changu," Koko aliita. "Cha kwako kiko wapi?"

Nanyori akatoka. Alipofika mbele ya kigoda hakuinama. Alianguka magoti kabisa. "Nisamehe, Koko. Niliiba mbegu za baba. Nilidanganya kila mtu."

"Uliiba," alikubali Koko. "Nami nikaiba za kwako. Nilikuona umehangaika nazo wiki nzima, na Jumapili ile uliponinyima kichwa nikasema, mjukuu wangu amekasirika kwa sababu namtania kila siku. Nikasema nitakula, akirudi nimwambie ni tamu. Wezi wawili ndani ya nyumba moja!" Alicheka kidogo, akakohoa, kisha uso ukawa mzito. "Lakini sikiliza, na wewe Lerionka sikiliza, maana na wewe uliuacha mfuko wa sumu juu ya rafu isiyo na kufuli."

"Ni kweli, yeyo," alisema Lerionka akitazama chini. "Sasa nimeufungia sandukuni."

"Nanyori, choroko kuoza siyo kosa la kumfanya mtu ajifiche. Hata mimi nimeozesha maziwa mara nyingi kuliko nywele zako. Kosa likiwa bichi hutengenezwa kwa neno moja tu: 'Mama, zimeoza.' Wewe ulilifunika, likaota. Kwanza likala mbegu za baba yako, kisha likala kuku wangu, kisha likanijia mimi, na kesho yake lingekula watoto wa watu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Na mbegu iliyoandikwa isiliwe, mwanangu, hata uioshe kwa maji ya mto mzima, haiwi chakula. Umesikia?"

"Nimesikia, Koko."

"Jumapili ijayo mtanunua choroko sokoni, wewe na mama yako. Utaziotesha mbele ya macho yangu, hapa mlangoni, na mimi nitazila. Nimekwisha kuzionja, hazikuwa mbaya." Akanyoosha mkono wake unaotetemeka. "Sasa lete hicho kichwa. Kinanidai siku sita."

Nanyori aliinama. Kiganja kilitua juu ya utosi wake kikitikisika, hakikutulia kama zamani, na Koko hakukiondoa mpaka jua liliposhuka nyuma ya migomba.